Mkono wa Vitus Mbele ya Msumeno

Saa moja kasorobo asubuhi, Mafinga, ukungu bado umelala kwenye misonobari. Vitus Kalinga kasimama upande wa kupokea mbao, mikono kaificha kwapani. Baridi ipo, ndiyo, lakini hakuificha kwa ajili ya baridi.

Mashine yenyewe ya kupasua mbao ni hizi za kuhamahama, wenyewe wanaita dingdong. Ikiwaka husikii mtu, hata akupigie kelele sikioni. Ndiyo maana hawa watu wanaongea kwa mikono. Mpokeaji akiinua kiganja, msukumaji anasukuma gogo. Basi.

Mwaka jana Vitus aliinua kiganja. Kumbe masikini alikuwa anafuta vumbi la mbao usoni! Sosthenes, msukumaji, akasukuma. Amos, shemeji yake Vitus, alikuwa anabandua gome la gogo karibu na msumeno. Vidole vitatu vikaenda.

"Hakuna aliyenilaumu. Hiyo ndiyo ilinimaliza," anasema Vitus, ana miaka arobaini na sita.

Miezi minane akawa anapanga mbao tu, malipo nusu. Kula kwa shida, kulala kwa shida. Kanisani akakaa na wazee, akalia, akasema yote. Akaanza kupona, watu tukaona. Akarudi mashineni, wiki tatu nzima.

Halafu Alhamisi iliyopita msumeno ukagonga fundo la mti, ukalia vibaya. Vitus akakimbia. Mkewe, Faustina, alimkuta msituni kakaa kwenye kisiki, anashikashika vidole vyake mwenyewe.

"Nilidhani nimeshavuka," anasema. "Nimerudi mwanzo."

"Mwanzo gani, baba Anjela?" Faustina anamkatiza. "Mwanzo ulikuwa huongei hata na mimi. Siku hizi unaongea mpaka nachoka!"

Tajiri wa mashine kasema wazi: akikimbia tena leo, nafasi anapewa mwingine.

Amos naye kaja, kakaa mbali juu ya magogo, anasalimia kwa lugha ya kwao. "Kamwene, shemeji! Unaogopa nini? Vidole vilivyobaki nimevificha mfukoni!"

Vitus hacheki. Mashine inanguruma. Sosthenes anangoja. Mkono unatoka kwapani, unarudi, unatoka. Vitus anaangalia kama kuna mtu karibu na msumeno. Hakuna. Anaangalia tena. Kiganja kinapanda.

Gogo linaingia.

Yanapita magogo manne. La tano, anaashiria mashine izimwe, anakaa chini. Tajiri anaanza kuhesabu mbao zilizotoka.

"Kesho nataka sita," Vitus anamwambia Sosthenes. "Nikikimbia, msinifuate. Zimeni mashine, mniite jina. Nitarudi."