Meno ya Juu Yaliyotangulia

Baada ya Adhuhuri mji wetu wa Ibra, huku Omani, ulikuwa ukinyamaza kama umehamwa. Husikii ila maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakipita nyuma ya ukuta, na taya langu. Kak. Kila nikifumba mdomo, kak, maana meno ya chini yalikuwa yakipita mbele ya yale ya juu. Nilikuwa na miaka saba. Tulikuwa hatuna muda mrefu tangu kutoka Unguja, na Bibi, mama yake baba, alikuja na vyake vyote: mbuzi ya kukunia nazi, na nazi zenyewe hazipo, na khofu zake. Mimi niliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa hivyo kwao ni kigego, huwala watu wa nyumbani kwake. Leo mtacheka, sisi hatukucheka. Jino langu la kwanza lilianguka Jumatatu, Alkhamisi mdogo wangu mchanga akafa kwa homa. Bibi aliliokota kwa ncha ya kanga, sijui alilipeleka wapi, na tangu siku ile akawa ananitazama mdomoni kabla ya usoni.

Mama akanipeleka Nizwa kwa daktari wa meno, Mmisri, mikono inanuka mafuta ya karafuu hata nikadhani katoka kwetu. “Nimpime leo kibao cha waya avae kaakaani,” alimwambia Mama. “Taya bado laini, linafuata. Akishakuwa mwari halifuati tena.” Mama akasema kwanza akaulize nyumbani. Hapo ndipo alipokosea.

“Kulisukuma jino la kigego?” Bibi alisema. “Asya, umebakiwa na watoto wangapi?”

“Wawili, Mama.”

“Basi yaache yamwagike yenyewe.”

Kaka yangu alikuwa amelala mkekani, kimya mno. Mama akainama, akamwekea kiganja puani. Hatukurudi Nizwa.

Yakamwagika yote, na kila likianguka moja Bibi akingoja siku saba. Hakufa mtu. Nilipofika miaka kumi na sita daktari mwingine akasema mfupa umekomaa, sasa ni kukata taya. Sikukatwa. Picha za harusi yangu zote nimejiziba mdomo. Watu walidhani haya.

Juzi nimempeleka mjukuu wangu, miaka saba, taya lile lile. Sikumwuliza mtu. Kutiwa kibao hata robo saa haikufika. Nikatoka nje nikawapigia simu wanangu sita, mmoja mmoja, nisikie sauti tu. Watano waliitika. Ya wa sita ikalia, ikalia. Nikarudi mlangoni kwa daktari, nikashika kitasa, nimwambie akitoe kile kibao. Mara simu ikaita.

“Mama, nilikuwa naoga. Kuna nini?”

“Hakuna kitu, mwanangu. Nimekukumbuka tu.”

Mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye kitasa.