Siku Tuliyotapisha Choo

"Haya," nilisema.

Sikusema zaidi ya hapo. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, suruali kaikunja hadi magotini, mtaimbo mkononi, na nje mvua ya masika inapiga bati hata kusikilizana ilikuwa taabu. Aliniuliza mara mbili, "Kwa hiyo mzee, tutapishe?" Mara ya kwanza nilijifanya sijasikia. Mara ya pili nikasema haya. Laiti ningekataa. Uwezo wa kukataa nilikuwa nao: nyumba yangu, shimo langu, na yeye pamoja na ukubwa wake wote asingegusa kitu bila neno langu.

Kwa asiyekaa huku kwetu, kutapisha ni hivi. Shimo la choo likijaa, muungwana anaita gari la kunyonya. Linakuja na mpira wake mrefu, linanyonya, linakwenda kumwaga kunakostahili. Asiye muungwana anangoja mvua. Mvua ikikolea anatoboa shimo ubavuni, upande wa mteremko, anachomeka bomba, na vyote vilivyokuwamo vinatoka, vinachanganyika na maji ya mvua, vinashuka kwa watu. Yeye anajifungia ndani na kufukiza udi. Kesho yake anakutana na majirani wanaozoa tope mlangoni kwao, na anawapa pole.

Sie tunakaa Madale, juu ya kilima. Kiwanja nilinunua pamoja na dada yangu, wakati huo kote pori, watu wa mjini wakitucheka kwamba tumekwenda kuishi na nyani. Tulikigawana wenyewe bila kumwita mtu. Yeye alichukua chini kwa ajili ya unyevu, akachimba kisima, akapanda mchicha na migomba. Mie nikachukua juu nipate upepo. Bomba likikauka, nyumba yangu yote ilikuwa ikiteka maji kwake.

Ni dada yangu mkubwa. Mama yetu alikuwa mtu wa kuuguaugua, kwa hiyo aliyenibeba mgongoni ni dada, aliyenilisha ni dada, aliyenitawaza ni dada. Nilikuwa naamini kwamba mtu aliyekutawaza hawezi tena kukuonea kinyaa.

Shimo letu lilichimbwa kwa ajili ya wazee wawili. Kisha mwanangu akarudi nyumbani na mkewe na watoto, kwa muda tu, alivyosema, na huo muda haujesha mpaka leo. Choo cha nje kikaonekana cha kishamba. Tukajenga cha ndani, cha fleshi, vigae vyeupe mpaka darini. Mkwe wangu ni mtu msafi sana, wa ule usafi wa kumwaga maji: anamwaga asubuhi, anamwaga mchana, anamwaga akiwa na hasira. Watoto nao wanavuta ile fleshi kwa mchezo. Yote yanakwenda shimoni, na hakuna aliyejiuliza kama shimo lina mwisho.

Shaabani ilipoingia choo kikaanza kugoma. Ukivuta, maji badala ya kushuka yanapanda, yanafika ukingoni, yanatulia, halafu yanashuka polepole yakiguguma. Baadaye yakaanza kutokea bafuni. Unaoga, macho umeyafumba kwa sabuni, unasikia kitu cha vuguvugu kinakugusa kidole cha mguu. Mke wangu akafukiza udi. Mkwe wangu akapuliza manukato ya kopo yenye harufu ya ndimu. Nyumba ikawa inanuka mavi, udi na ndimu kwa wakati mmoja, na mpaka leo mtu akinikamulia ndimu kwenye samaki naweka kijiko chini.

Ramadhani ikatukuta hivyo. Tulikuwa tumefunga, lakini midomo haikufunga.

"Ni zile pampasi zenu," mke wangu alimwambia mkwe wetu. "Mnazisokomeza chooni."

"Mama, mie pampasi sitii chooni kamwe," binti akajibu. "Natupa mferejini."

Alilisema kwa kujivunia, kama mwanafunzi aliyepata jibu. Hakuna aliyemkemea. Mie mwenyewe nilikuwepo, nikaona kweli, afadhali mferejini.

Fedha ya gari la kunyonya ilikuwepo, nilikuwa nimeiweka kando. Lakini wakwe zetu wa Kimara, wazazi wa yule binti, walikuwa wametuahidi kuja Idi, na mke wangu akayaangalia makochi na mapazia kama ndiyo kwanza anayaona.

"Babu, watu tutawakalisha kwenye matundu haya?"

"Na chooni je, hawatakwenda?" nikamuuliza.

"Mgeni wa Idi hakai mpaka akaenda chooni. Anakula, anapewa mkono wa Idi, anaondoka."

"Kwa pilau lako mama, watakwenda," mwanangu akadakia, na kandambili ikampitia sikioni.

Tulicheka wote. Nimeikumbuka sana ile furaha, kwa sababu ndani yake ndimo fedha ilimopotelea. Ikaenda Kariakoo, ikarudi mapazia ya rangi ya dhahabu yanayoburura sakafuni na foronya za makochi zenye maua makubwa kama masufuria. Mwanangu akasema tusihangaike, masika ndiyo haya.

"Mtaa mzima wanatapishaga, mzee. Mvua inabeba, inapeleka mtoni, mto unapeleka baharini. Huko samaki watajuana wenyewe."

"Na shangazi yako hapo chini?"

"Si mfereji unapita pembeni kwake? Maji yameshawahi kuingia kwake?"

Na hapa niseme wazi: mfereji nilikuwa nimeuona wiki ile ile nikitoka msikitini. Pale unapokata kona kwenye uzio wa dada ulikuwa umejaa pampasi zilizovimba, mifuko na mchanga. Nilizitambua pampasi. Nilikunja pua, nikainua kanzu, nikapita.

Siku yenyewe mvua ilianza adhuhuri na haikupumzika. Alasiri dada akaja, kajifunika turubai kichwani, hotipoti kaikumbatia kifuani kama mtoto. Kila Ramadhani futari yake ilikuwa ikipanda kwetu na yetu ikishuka kwake, na chombo hakirudi kitupu.

"Shikamoo dada. Sasa mvua yote hii umejitesea nini?"

"Marahaba. Nimewahi, baadaye njia haitapitika. Ni magimbi ya nazi, usiyaache yakapoa halafu uje unilaumu. Na ile sahani yangu ya juzi mbona hairudi, mmeioa?"

Mke wangu akacheka, akasema mahari tutaleta. Dada akaangalia mapazia mapya, akasema, "Mashaallah, mmekuwa watu wakubwa," akajifunika turubai lake na kushuka kwenda kumalizia kupika.

Hotipoti yake bado ilikuwa na joto mezani mwanangu alipokuja na mtaimbo. Nami nikasema haya.

Nilitoka hadi barazani kutazama. Alipiga mara chache tu, ukuta wa shimo ulikuwa umeshaoza. Akachomeka bomba. Kwanza kikatoka kishindo cha hewa, kisha shimo likatapika, kwa sauti ile ile ya mtu mwenye homa aliyeinama juu ya beseni. Likawa jeusi, kisha la njano, zito, lina povu. Harufu iliipita mvua ikanifikia kooni. Mwanangu alikuwa anashangilia, "Linatema, mzee! Linatema!" Ndani mkwe wangu akavuta fleshi, akapiga kelele, "Inashuka!" na watoto wakapiga makofi. Nami nilifurahi. Ninaona aibu kuandika, lakini nilifurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Adhana ya magharibi ikaita. Tukafungua kwa tende na maji. Mke wangu akafunua hotipoti, mvuke wa nazi ukapanda, tukaanza kula.

Hatukumsikia akija. Ilitangulia harufu. Nilipoinua uso dada alikuwa mlangoni, kanga imemgandama, miguu hadi juu ya magoti ina rangi nisiyotaka kuieleza. Hakukanyaga ndani. Aliitazama hotipoti yake, akatutazama vidole vyetu.

"Kuleni," alisema. "Msisimame. Kuleni."

"Wifi, karibu, mbona umeloa..."

"Jiko langu lina mavi, wifi. Yamefika mafigani. Kisima kimeingia. Sufuria ya uji imeelea, nimeiacha iende."

Hapo ndipo ningeweza bado kuokoa kitu. Badala yake nilisema, "Pole sana dada. Ndio watu wa huku. Mvua ikinyesha mtaa mzima unatapisha, hata hujui umshike nani."

Nilisema hivyo gimbi lake likiwa shavuni mwangu.

"Bomba nimeliona, mdogo wangu," alisema bila kupaza sauti. "Jipya, la kijivu, limetoka ukutani kwako kama ulimi. Nimesimama mvuani nikaliangalia mpaka nikahakikisha, nisije nikamsingizia mtu." Akainua mkono wake wa kushoto. "Mie mavi yako nimeyashika kwa mkono huu. Nilidhani kazi hiyo niliimaliza."

Mwanangu akainuka. "Shangazi, samahani, tunakuja sasa hivi kusafisha."

"Wewe kaa, umetumwa. Aliyekutuma huyo hapo. Hana haya."

Akashuka. Neno lile lile nililolitoa alasiri alikuwa amenirudishia, na kwake lilikuwa na maana nyingine.

Asubuhi tulikwenda na makoleo na chokaa. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Binti wa dada alikuwa ameshafika kutoka Pugu, tuliwasikia wakikwangua sakafu, hakuna aliyetujibu hodi. Tukasimama pale kama mafundi waliokosea nyumba. Kupitia tundu la geti niliuona mchicha umelala chali, na juu ya majani yake vitambaa, karatasi na mabaki ya mlo wetu wa wiki nzima. Nilivitambua. Nilitapika pale pale getini kwake, nikamwongezea.

Kisima alikifukia.

Idi wakwe walikuja. Waliyasifu mapazia. Mama yake mkwe wetu akaomba kwenda chooni, akakaa sana, na fleshi ilifanya kazi vizuri kabisa.

Mke wangu aliiosha ile hotipoti, akaijaza pilau, akaipeleka kwa dada na kuiacha mlangoni baada ya kubisha hodi bila kujibiwa. Siku kadhaa baadaye nikaikuta nyuma ya nguzo ya geti letu. Haikuwa imefunguliwa. Nilijilazimisha kufunua, nikaona ni haki yangu kukiona kilichomo. Wali ulikuwa unatembea. Niliufukia nyuma ya nyumba pamoja na hotipoti yenyewe, na mikono yangu ilinuka siku ile yote, nioge nisioge.

Kabla mwaka haujaisha dada aliuza sehemu yake, akahamia kwa binti yake Pugu. Aliyenunua amejenga ukuta mrefu na simjui. Shimo letu siku hizi likijaa naita gari, bila kubishana na mtu. Mke wangu haulizi tena habari za mapazia. Yale ya dhahabu nilimwambia ayatoe, yananichefua.

Pugu huwa nakwenda. Dada hanifukuzi wala hanitukani. Nikisema shikamoo anaitika marahaba. Ananikalisha barazani, ananiuliza hali ya mgongo wangu. Wengine wote wanaletewa chai ya tangawizi kwenye vikombe. Mie ananiagizia soda ya chupa dukani, inakuja imefungwa, nainywea chupani, na nikimaliza chupa inawekwa nje ya mlango. Kikombe chake hakijagusa mdomo wangu tangu siku ile. Mara moja nilimwomba radhi, nikamwambia yote, mfereji niliouona, fedha ya gari, uongo nilioutamka. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nimekusamehe, mdogo wangu, kwa Mungu sina kesi na wewe. Lakini tumbo langu limekataa. Nikikuona nasikia ile harufu."

Mara ya mwisho niliyokwenda, binti yake alinisindikiza hadi barabarani, akawa anazunguka na maneno.

"Mjomba, kuna kitu mama kaniambia nikwambie mapema, ili siku hiyo pasitokee ugomvi."

Kwetu sisi, mwanamke akizikwa, wanaoteremka kaburini kumpokea ni maharimu zake, wanaume asioweza kuolewa nao. Dada hana mtoto wa kiume, mumewe alishafariki, na ndugu wa tumbo moja aliyebaki ni mimi peke yangu. Nilikuwa najua siku zote kwamba, ikiwa yeye atatangulia, mikono itakayomlaza ni yangu. Ameusia niambiwe nisiteremke. Atateremka mume wa binti yake. Mie nisimame juu na watu wengine.

Hiyo ndiyo gharama ya lile neno langu. Dada yangu aliyenilea ananionea kinyaa akiwa hai, na akifa sitaruhusiwa kumshika.