Ngazi Kumi na Saba za Bwawani

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza kitu, najibu nikiangalia dawati. Ndiyo maana bado nashangaa kwamba Jumamosi niliongea mbele ya kamati nzima ya bwawa, kandambili zikiwa mkononi.

Bwawa letu liko upande wa Ndithini, na ufuo wake wa kuogelea ni wa kila mtu. Makanisa yanabatiza hapo, watoto wa Mwislamu mwenye duka walijifunza kuogelea hapo, na sisi huenda Jumamosi tukimaliza kufua. Kuna chumba cha mawe cha kubadilishia nguo. Hakina paa wala mlango, lakini njia ya kuingia imepinda kama kiwiko, aliye nje haoni kitu. Kutoka hapo ngazi kumi na saba zinashuka mpaka majini, fupi na pana. Zilijengwa na mwethya, kikundi cha kina mama waliofanya kazi pamoja. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa mmoja wao.

Siku hiyo mimi na susu tulikuta fundi kutoka Athi River anapima ngazi, kamati imemzunguka.

"Hizi zilijengwa na mtu hajui kazi," alisema. "Ni za chekechea. Wiki ijayo navunja, naweka tisa za saruji, kitu ya kisasa."

Kamati ikaitikia kwa vichwa. Susu anaelewa Kiswahili, ila kukisema mbele ya watu hataki, na fundi hakujua Kikamba. Susu akanifinya mkono, akasema kwa Kikamba: "Mwambie hiyo miguu yake mirefu haijawahi kubeba mtoto."

Nikasema, "Nyanya anasema... ziko na sababu."

"Hajasema hivyo," mwenyekiti akacheka. Yeye ni Mkamba. "Tafsiri yote, msichana."

Nikatafsiri yote. Watu wakacheka, hata fundi. Halafu wakanigeukia, wananingoja. Ningeweza kurudi nyuma ya susu. Sikurudi. Nilimwambia fundi kila ngazi ilipimwa kwa mguu wa susu, kwa sababu ndiye alikuwa mfupi kuliko wote na alikuwa amembeba mama yangu mgongoni. Kama yeye angetoka majini na nyayo zimelowa, leso imelowa, na mtoto juu, bila kuinua goti sana, basi hakuna ambaye angeteleza. Mawe waliyateremsha kutoka mlimani wenyewe, mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Ukiweka tisa," nikamalizia, "mzee akienda kubatizwa atapanda aje?" Nilikuwa naongea na kifua chake, si uso.

 Fundi alivua viatu, akashuka mpaka maji yakamfika magotini, akapanda polepole. Akarudia. Kisha akainama, akajaribu kupitisha ukucha kati ya jiwe na jiwe. Haukupita.

"Nani alichonga haya?"

"Sisi," susu akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili.

Mwenyekiti akasema anayetaka zivunjwe ainue mkono. Hakuna aliyeinua. Fundi atarekebisha mbili zilizopasuka, basi.

Jana nilipotoka shule nilimkuta fundi kwetu, anataka kuonyeshwa mahali mawe yalikochimbwa. Susu alikuwa shambani. Nikampeleka mimi, nikitangulia mbele, na njia nzima nilikuwa naongea.