Bega Langu Si Kamba ya Kuvuta

Watu wengine huteguka bega wakidaka penalti. Mimi nimeteguka nikisema nipo.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa anaita majina uwanjani. Wenzangu huitika kwa kelele. Mimi hunyoosha mkono, maana naona haya kupaza sauti mbele za watu. Siku hiyo hakuniona. Nikaunyoosha zaidi, nikaupeleka nyuma kidogo, bega likachomoka. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka jana lilitoka kule Kajaga, ufukweni, tukitupiana mpira, na dokta alinionya kwamba bega likishatoka hujifunza njia. Tena asilivute mtu kabla ya picha ya mifupa: huenda mfupa umepasuka au mshipa wa fahamu umebanwa, na mkono ukabaki na ganzi.

Nikakaa chini, bega limetoa pembe kama kona ya meza. Mwalimu akavua kiatu. Akalieleza darasa zima kwamba atanitia kisigino kwapani, avute mara moja, basi. Aliwahi kumfanyia hivyo binamu yake, na binamu bado yuko hai. Wenzangu wakatoa simu wapige filamu. Soksi yake ilikuwa na tundu. Mkono alioushika ndio ninaoandikia.

"We mutoto, kaa tuli. Ni dakika moja."

"Apana, mwalimu. Usinivute. Nipeleke kwa dokta."

Wakageuka wote. Nadhani wengine walimtafuta aliyesema. Mwalimu akauachia mkono, akavaa kiatu.

Hospitalini walipiga picha, wakanichoma sindano, kisha dokta akauinua mkono polepole, akiuzungusha kwa nje, huku akiniomba nimpigie hadithi ili misuli ilegee. Hadithi, mimi. Hilo liliuma kuliko bega. Nikamsimulia ile soksi. Akacheka, na bega likarudi mahali pake kama droo. Akanigusa juu ya bega, akauliza kama nasikia kidole chake. Nilisikia. Vidole navyo vikacheza vyote.

Picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Dokta alisema ungevutwa kwa nguvu ungevunjika. Sasa mkono umefungwa kitambaa kifuani, na bega likitoka tena tutazungumza habari za upasuaji.

Mwalimu alipokuja kunipa pole nyumbani kwetu, mtaa wa Ngagara, mama alimpa ile picha. Akaiinua kwenye taa, juu ikiwa chini, akaitazama kwa muda mrefu, akasema ndivyo hasa alivyofikiri.

Mama akaigeuza.