Nabwile na Sauti za Koo

Nabwile wa Myanga alikuwa fundi wa seva mjini Kitale, katika ofisi ndogo iliyohifadhi sauti za wazee wa Bungoma wakisimulia asili ya koo zao. Kazi ilikuwa nzuri, ila wazee wale, jamani! Hakuna ukoo uliokubali kuwekwa pamoja na mwingine. Baba yake mwenyewe, Mzee Eliakim, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Usituchanganye na wale wa ng'ambo ya mto," alimwambia siku aliporekodiwa. "Si sisi tuko na jina yetu?"

Nabwile akacheka, akaufungulia ukoo wao hifadhidata ya peke yao, kama koo nyingine. Wakati huo zilikuwa zimepita mia tatu, na nakala za kila siku zilikuwa zimeanza kukwama. Ujumbe ulikuwa uleule: thredi zimekwisha. Thredi ni vibarua wa ndani ya seva, nao wana idadi. Programu ya kunakili ilitaka kuzishika hifadhidata zote kwa mpigo, na kila moja ilidai vibarua wake. Nabwile alizima seva akawasha. Akapandisha kikomo cha thredi, seva ikazidi kulemewa. Akiwa katika kuhangaika huko, Mzee Eliakim akaugua kifua wiki moja tu, akafariki.

Baada ya mazishi alirudi kazini macho yamevimba, na siku hiyohiyo akaipata dawa: zinakiliwe kumi kumi, kundi likimaliza lingine lianze. Hifadhidata sitini mpya hazikuwa na nakala hata moja, ya baba ikiwemo, na kinasa sauti kilishafutwa zamani kama ilivyokuwa desturi ya ofisi.

"Anza na ya kwenu bana," mkubwa wake Ngige alimwambia. "Hakuna mtu atakuuliza."

Nabwile alikataa. Kwao mwenyeji hajipakulii kabla ya wageni, na angewatazama vipi wazee wa watu? Akauweka ukoo wake kundi la sita, mwisho kabisa. Heshima ni kitu kizuri, lakini siku hiyo ilimponza.

Kundi la tano lilikamilika saa saba mchana. Diski kuu ikakwaruza, ikanyamaza. Fundi aliyeletwa kutoka Eldoret aliifungua, akatikisa kichwa. Koo zote zilizokuwa na nakala zilipona. Kumi za mwisho, ya kwao ikiwemo, zilipotea.

Nabwile alilia mpaka Ngige akatoka nje kumwachia chumba. Kisha akampigia simu mama yake, Phelista, aliyekuwa akiingoja sauti ya mumewe kwa ibada ya kumkumbuka Jumamosi. Hakuzunguka. Alimwambia kwamba imepotea, na kwamba yeye ndiye aliyeiweka mwisho.



"Yote?" mama akauliza. "Hata pale alisimama kidogo, akakohoa, akaniitisha maji?"

"Hata pale, mama."