Theresia na Tuta Lililoota Mpunga

Kuanzia Kiberege mpaka Mkula, aliyetaka ukuta usiopasuka alimwita Theresia. Udongo wetu wa bondeni mnaujua, ukikauka unachanika kama kisigino cha mkulima. Yeye aliushika kwa katani: kamba kuukuu alizikata vipande vifupi, akazichambua uzi mmoja mmoja, kisha akawa anazinyunyiza huku akikanyaga. Likibaki fundo moja, anaanza upya. Wengi walimwona msumbufu tu.

Mwaka 1997 kijiji kikajenga tuta la kuvukia kijito kwenda zahanati, na kazi ya kuchanganya udongo akapewa yeye. Siku ya tatu akafiwa na dada yake kule Mlimba. Alikaa matangani wiki mbili. Aliporudi tuta limekwisha, na harufu ilimpokea kabla hajaliona.

Harufu gani hiyo, jamani! Kama sufuria ya wali iliyosahaulika na kifuniko chake. Msimamizi, Hermenegildi, alikosa katani, akatumbukiza mabua ya mpunga mafungu kwa mafungu, yameloa, tena yamepurwa ovyo. Punje zikaota. Tuta likavaa kijani, na panya wakafuata punje.

“Shikamoo, mama,” akasema Hermenegildi.

Theresia akayanyooshea kidole yale mabua.

“Si nyuzi tu, mama? Mkonge, mpunga, yote majani.”

“Umewajengea panya jiko, Hermenegildi.”

“Likikauka litakaza.”

Theresia akazamisha mkono mpaka kiwiko, akavuta. Likatoka fungu jeusi, linateleza kama kamasi, na ndani yake vitoto vya panya, vyekundu, havijafumbua macho. Akaliweka juu ya viatu vya Hermenegildi.

“Kijito kikijaa, mjamzito atapita hapa. Litamkatikia katikati. Libomoe.”

“Wakubwa wanakuja kulifungua Jumamosi! Niwaambie nini?”

“Waambie limeoza.”

Akachukua jembe, akapanda juu ya tuta. Pigo la kwanza lilifumua uvundo uliomtapisha palepale. Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akapiga tena. Natalia na Dativa, waliokuwa wakipalilia jirani, wakaja na majembe yao, pua wamezifunga vitambaa, wakitukana kila fungu lililotoka.

Jua lilipoinama, Hermenegildi akasogea, macho chini.

“Nipeni na mimi jembe.”

“Majembe yametosha,” akasema Theresia, akamwonyesha lile rundo jeusi linalotambaa funza. “Wewe beba hayo. Kwa mikono.”

Akainama, akabeba.