Asubuhi za Mtongwe

Hata leo, nikisikia harufu ya matope maji yakipwa, miguu hunisisimka.

Nilikuwa nimeachwa nje ya timu ya badminton ya shule kwa kukosa pumzi. Mama mdogo, aliyewahi kuucheza mchezo huo, akanipeleka ufuoni Mtongwe baada ya sala ya alfajiri. Raketi hakunipa. Nilikimbia kinyumenyume, nikachuchumaa na kuruka, mchanga mbichi ukininasa nyayo, hadi nikaanguka.

"Mama mdogo, wallahi sina pumzi."

"Na hiyo ya kunijibu umeitoa wapi? Inuka, mwanangu."

Nikainuka huku nalia. Akajifunga leso kiunoni, akaruka pamoja nami, akihema kunishinda.

Jua lilipochomoza, akasema tupumzike.

Mimi ndiye niliyekataa.